Kazi za asubuhi kwenye makao ya wazee: usiku waanze au waachiwe mchana?

Mpanga_Ratiba
Wakuu, nalinganisha njia tatu za kugawa kazi za asubuhi. Wakazi ni 24. Usiku kuna walezi 2 na muuguzi 1 hadi saa 1 asubuhi, mchana walezi 4. Chai ni saa 2.

Wakazi 6 wanajiosha wenyewe, ni kuwakumbusha tu, dakika 5 kila mmoja. Wakazi 9 wanasaidiwa kiasi, dakika 15. Wengine 9 wanafanyiwa kila kitu, dakika 30, na 4 kati yao hutolewa kitandani kwa mashine ya kuinulia, yaani walezi wawili kwa wakati mmoja. Jumla ni dakika 555 za kazi. Baada ya kukabidhiana zamu zinabaki dakika 45 kabla ya chai. Kwa walezi 4 ni 180. Pengo ni 375.

Njia ya kwanza: usiku waoshe na kuvalisha wakazi 8 kuanzia saa 11 alfajiri. Ya pili: mchana wafanye zote, chai isogee hadi saa 3 na nusu. Ya tatu: aongezwe mlezi wa zamu fupi, saa 12 hadi saa 4 asubuhi. Ipi inasimama?

Taa_ya_Usiku
Ya kwanza inapendeza kwenye karatasi tu. Saa 11 ndiyo saa ya mzunguko wa mwisho: kugeuza wasioweza kujigeuza, kubadilisha nepi, kumwaga mifuko ya mkojo. Ukiongeza watu 8 wa kuvalisha, kitakachokatwa ni mzunguko huo, na hasara yake haionekani siku hiyo. Itaonekana baadaye kwenye nyonga na visigino: wekundu usiofifia ukiubonyeza kwa kidole.

Halafu aliyevalishwa saa 11 na nusu akaketishwa kungoja chai ya saa 2 ameyakalia makalio yaleyale saa mbili na nusu. Kwa asiyeweza kujiinua, hicho ni kidonda kinatengenezwa. Na mwenye ugonjwa wa kusahau akikatishwa usingizi, siku nzima inamlipa: anasinzia mezani, jioni anatangatanga.

Muuguzi_wa_Dawa
Naunga mkono, ila ya pili nayo ina shimo, nalo ni dawa. Chai ikisogea, dawa nyingine hazisogei nayo.

Insulini ya haraka ndiyo ya hatari zaidi. Ukichoma saa 2 kasorobo kwa kutegemea chai ya saa 2, kisha chai ikafika saa 3, sukari itashuka mtu akiwa bado anavalishwa. Sukari ipimwe mapema, lakini sindano ingoje mpaka chakula kimefika.

Levodopa ya wenye ugonjwa wa Parkinson itolewe kwa saa yake ileile kila siku. Ukimwosha kabla dawa haijashika, viungo vimekakamaa, na kazi ya mlezi mmoja inakuwa ya wawili. Mpe, mwache kama dakika 40, ndipo umwinue. Dawa ya tezi, levothairoksini, inataka tumbo tupu na maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula. Hiyo usiku wanaiweza bila kumtoa mtu kitandani. Alendronati ya mifupa ni tofauti: glasi nzima ya maji, kisha mtu akae wima dakika 30 bila kurudi kulala. Usimpe saa 11 mtu atakayelala tena, itamchoma koo la chakula.

Na furosemaidi, dawa ya kukojoza, msiitoe saa 12. Saa 1 atakuwa anataka choo, wakati walezi wote wako kwenye makabidhiano. Ataamka peke yake, na hapo ndipo watu huanguka. Itolewe baada ya makabidhiano.

Mpanga_Ratiba
Asante sana. Basi nigawe kwa idadi ya watu au kwa aina ya kazi?

Mkono_Mwepesi
Kwa aina ya kazi, na kwa aliyekwisha kuamka. Usiku wabaki na choo, nepi, kupima sukari, na maandalizi: nguo za kila mkazi kitini, taulo mbili, meno bandia yaliyosuuzwa, betri ya kifaa cha kusikia imekaguliwa. Maandalizi hayo yanadharauliwa, lakini mlezi anayetoka chumbani mara tatu kutafuta taulo anapoteza muda na anamwacha mtu uchi akitetemeka.

Wa mashine wasianzwe usiku hata mmoja. Walezi wawili wakijifungia chumba kimoja, korido nzima imebaki na muuguzi aliyeshika dawa. Kengele ikilia, nani ataitika?

Pia punguzeni kazi yenyewe. Si lazima kila mtu aoshwe mwili mzima kila asubuhi. Uso kwa maji bila sabuni, mikono, kwapa, chini ya matiti, sehemu za siri kutoka mbele kwenda nyuma. Maji ya nyuzi 38 hadi 40, yabadilishwe kabla ya sehemu za siri, glavu nazo. Mikunjo ikaushwe kwa kugusagusa, si kusugua. Mafuta ya kulinda ngozi yapakwe membamba, maana yakiwa mazito huziba nepi, haifyonzi. Bafu kamili lihamie saa 4 au jioni, kwa zamu za wiki. Dakika 30 zinakuwa 20.

Taa_ya_Usiku
Dada Mkono_Mwepesi, kwa hao "waliokwisha kuamka" wekeni kanuni. Walezi wakipungua, orodha hiyo huvimba yenyewe. Awe amefungua macho mwenyewe, aulizwe, akubali. La sivyo mlango ufungwe.

Goti_na_Nyonga
Mpangilio wa foleni pia ni tiba. Wenye maumivu ya viungo wasiwe wa kwanza: wapewe parasetamoli, waoshwe baada ya dakika 45 hadi saa moja. Kila anayeinuliwa akae ukingoni mwa kitanda dakika 2 au 3, miguu ikigusa sakafu. Mwenye historia ya kizunguzungu apimwe presha akiwa amelala, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, arudi kukaa na muuguzi aambiwe.

Mpanga_Ratiba
Nimepiga hesabu upya. Walio tegemezi kabisa kwa dakika 20 kila mmoja, wa mashine wakihesabiwa 40, jumla inakuwa 425. Ondoa 180 za mchana, 120 za zamu fupi kabla ya chai, na 45 za wakazi watatu wanaoamka wenyewe usiku: zinabaki 80. Hizo ni za wakazi wawili wa mashine. Je, wanywe chai kitandani na waoshwe baadaye?

Muuguzi_wa_Dawa
Inawezekana, kwa sharti: nepi ibadilishwe kwanza, kichwa cha kitanda kiinuliwe mtu akae wima kabisa, na abaki wima dakika 30 baada ya kumeza tonge la mwisho. Ukimlaza chali mara moja ili umwoshe, chakula kinaweza kuingia mapafuni. Mwenye shida ya kumeza asiwe kati ya hao wawili.

Mkono_Mwepesi
Na hesabu yako, kaka, haina dakika hata moja ya kengele. Chai iwe wazi saa 2 hadi saa 3. Wanaolishwa wawe wa nusu saa ya pili, maana mmoja anachukua dakika 20 hadi 30. Mlezi wa zamu fupi asihamishwe kuziba nafasi ya asiyekuja. Akiondoka yeye, mnarudi kuamsha watu saa 11.

Taa_ya_Usiku
Kwenye karatasi ya makabidhiano, kila mkazi awe na mambo manne: ameamka au bado, choo mara ya mwisho saa ngapi, wekundu uko wapi, na dawa ipi haijatolewa. "Usiku ulikuwa shwari" haimwambii wa mchana aanze na chumba kipi.