Ameniharibia stelingi, halafu ananiambia NIVAE GLAVU!

Shati_Jeupe:
Wakuu, nipisheni nitoe povu. Natoka kwa fundi sasa hivi, hata viatu sijavua. Mnamjua. Yule yule. Jina sitaji kwa sababu kila mwenye gari humu ameshalizwa naye, na kama wewe bado, zamu yako inakuja.

Stelingi yangu ilikuwa imechakaa, nakubali. Pale juu ngozi imekwanguka rangi, imebaki na ukurutu kama kisigino kisichojua mafuta, na huku pembeni inang'aa kama kipara. Nikampelekea. Akaipapasa kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta pa kuanzia, akasema "niachie saa moja". Narudi, stelingi nyeusi tititi, inang'aa mpaka naona meno yangu. Nikamshukuru. NIKAMSHUKURU, wakuu.

Kumbe kaipaka dawa ya viatu. Ile ya kopo. Ya brashi.

Nimeendesha juani dakika ishirini tu. Nafika kwenye kikao, shati jeupe, nimenyooka. Nampa mkubwa mkono, kiganja chake kikabaki na ramani ya dunia. Kwa aibu nikajifuta jasho usoni. Kosa hilo. Kikao kizima watu wananitazama kama nimetoka kuchoma tanuri la mkaa, hakuna hata mmoja wa kunistiri. Nimekuja kuingia chooni, nakutana na kioo: nina sharubu ambazo sikwenda nazo.

Haya yote ningesamehe. Wallahi ningesamehe. Leo nikarudi kwa upole, nikamwonyesha viganja. Akavitazama. Akaita vijana wake wawili nao waje watazame. Halafu mbele ya wateja, mbele ya mama wa watu aliyekuja kuziba pancha tu, akaniambia: "Bosi, kazi yangu haina shida. Mikono yako ndiyo ina jasho jingi. Vaa glavu."

VAA GLAVU.

Mimi! Ndani ya gari langu! Nivae glavu kama nakwenda kujiibia mwenyewe!

Vijana wakacheka. Mama wa pancha akacheka. Lile tairi lenyewe nahisi lilitoa upepo kwa kicheko. Mimi nimesimama pale na viganja vyangu juu kama nimetekwa.

Naombeni mniambie, kuna mtu humu amewahi kuambiwa neno kama hilo? Vaa glavu?

Gia_ya_Tano:
Hahahaaa "sharubu ambazo sikwenda nazo". Pole mkuu. Weka picha ya viganja.

Mpita_Njia22:
Uzi bila picha ni chai.

Ngozi_Ngumu:
Na wewe mkuu, mtu anakwambia saa moja unaamini? Ngozi ya stelingi imefunikwa na rangi, na juu ya rangi kuna tabaka la kinga. Dawa ya viatu haina pa kupenya, inakaa juu juu tu, ikipata joto la kiganja inakuhamia. Kazi yenyewe hivi: unasafisha kwa sabuni ya ngozi na brashi laini mpaka kitambaa kitoke cheupe, unapangusa kwa spiriti mafuta yaishe, unapitisha msasa laini palipo na magamba, nyufa unazijaza. Ndipo inakuja rangi ya ngozi, kwa sponji, tabaka jembamba, likikauka unaongeza jingine. Mwisho tabaka la kinga lisilong'aa. Halafu unaiacha siku nzima bila kuishika. Saa moja inatosha kutafuta kopo.

Na huko kung'aa kwa mwanzo hakukuwa uchakavu peke yake. Ni jasho na mafuta ya mikono yaliyogandamana.

Shati_Jeupe:
Kwa hiyo na wewe unasema mikono yangu michafu?

Ngozi_Ngumu:
Nimesema mafuta.

Gia_ya_Tano:
Amesema vaa glavu, ila kitaalamu.

Mama_Breki:
Umepakwa dawa ya viatu unalia? Mimi huyo huyo alisema stelingi lazima ing'olewe ndipo aishone ngozi mpya. Sawa. Hakuchomoa betri, hakuweka alama. Kairudisha imeruka jino moja, sasa gari likienda moja kwa moja stelingi imepinda kama shingo ya mtu aliyelalia vibaya. Taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, inawaka tangu siku hiyo. Namuuliza, ananijibu "hiyo taa inakuonyesha kwamba eabegi ipo".

Mpita_Njia22:
"Kwamba ipo" hahahahaa nimedondoka kitandani.

Tairi_la_Akiba:
Hilo la Mama_Breki si la kuchekea. Taa hiyo ikibaki inawaka, eabegi inaweza isifunguke siku ya ajali. Anayeng'oa stelingi anachomoa kwanza waya hasi wa betri, anasubiri dakika kadhaa umeme uliobaki uishe, ndipo anagusa kitu. Na kwa kupaka rangi tu wala huhitaji kuing'oa, unaziba vitufe na dashibodi kwa karatasi ya gundi unapakia hapo hapo. Mama, peleka kwa mtu mwingine, na usisubiri.

Shati_Jeupe:
Turudi kwenye mada. Kaniambia nivae glavu. Mbele ya mama wa pancha.

Mzee_wa_Klachi:
Mimi nilikwepa mafundi wote nikanunua kava la kuvalisha. Siku ya siku, kwenye kona kali, kava likazunguka, stelingi ikabaki. Kona ile nilikata kwa imani.

Kipara_Safi:
Mleta mada, mfano wa kipara ulikuwa na ulazima gani?

Shati_Jeupe:
Samahani mkuu. Ulinitoka tu.

Dada_wa_Siti:
Mimi alinipulizia dawa ya kung'arisha, siti zote na stelingi. Stelingi ikawa kambare. Na kila nikikanyaga breki nateleza mpaka magoti yanapiga dashibodi. Kumlalamikia, ananiuliza mbona sifungi mkanda.

Tairi_la_Akiba:
Ndiyo maana mimi ni siti za kitambaa mpaka kaburini. Ngozi ikikaa juani inakuchoma mapaja.

Dada_wa_Siti:
Kitambaa? Subiri mtoto akutapikie humo halafu urudi utusimulie.

Tairi_la_Akiba:
Na kwenye ngozi si matapishi yanaingia kwenye mshono? Ukitapikiwa kwenye mshono unauza gari.

Mgeni_Leo:
Nimesoma kichwa cha uzi tu. Hizo glavu bado zipo? Nachukua jozi mbili.

Shati_Jeupe:
SIUZI GLAVU.

Mama_Breki:
Kwani harufu ya matapishi kwenye kitambaa inatolewa na nini? Namuulizia rafiki yangu.

Dada_wa_Siti:
Mwambie huyo rafiki apanguse kwanza, akaushe, anyunyize magadi soda, ayaache usiku kucha, asubuhi ayanyonye kwa mashine. Ikibaki harufu arudie. Na afungue vioo, asipulizie manukato juu yake, atapata kitu cha tatu ambacho hakina jina.

Mama_Breki:
Hicho cha tatu tayari ninacho. Rafiki yangu anacho, yaani.

Mzee_wa_Klachi:
Na panya aliyefia kwenye mfereji wa hewa mnamtoaje? Wiki ya pili hii naendesha kichwa kiko nje.

Gia_ya_Tano:
Mzee fungua uzi wako, huyu anahitaji uzi wake kabisa.

Shati_Jeupe:
Dada_wa_Siti, hayo magadi yanatoa dawa ya viatu kwenye shati jeupe?

Dada_wa_Siti:
Hayatoi. Kwangua kwanza iliyoganda, usisugue. Laza shati doa likiangalia chini juu ya kitambaa kisafi, gongagonga kwa pamba yenye spiriti kwa upande wa nyuma, kisha sabuni ya vyombo, suuza. Usilipige pasi kabla doa halijaisha. Na spiriti inakausha sana mikono, kwa hiyo vaa glavu.