Tupeane uzoefu: treni za modeli, unafuata uhalisia au unajiachia?

Wadau habari zenu. Anayeanza hii hobi lazima akutane na watu wa aina mbili, wale wa kuhesabu ribiti za behewa ili kila kitu kifanane na treni halisi na wale wa "reli yangu, sheria zangu". Mi naegemea uhuru kwa sababu ya hesabu tu. Kwenye skeli ya HO, yaani 1:87, modeli ni ndogo mara 87 kuliko kitu halisi, treni ya kweli ya kilomita moja inataka mita 11 na nusu, una meza hiyo? Na ile kona ya seti za kuanzia, radiasi ya sentimita 45 hivi, ukiikuza inakuwa mita 40, hakuna reli kuu inayopinda hivyo. Kwa hiyo sote tunadanganya, we umedanganya wapi na umekaza wapi?

behewa_fupi: Kona hizo nazijua aisee, behewa refu la abiria likiingia pale tumbo linabaki ndani pembe zinaning'inia nje, halipendezi. Mi nikatunga kireli cha mgodini, injini fupi mabehewa mafupi, kona ni ileile ila sasa inaonekana ya kweli kabisa.

mzee_kokoto: Mi nakaza kwenye kokoto za relini tu. Punje zikiwa kubwa basi, skeli imekufa. Zimwage kavu, zipange na brashi, nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo halafu ndo udondoshee gundi nyeupe iliyozimuliwa, ukiruka sabuni gundi inakaa juu kama shanga na inakokota kokoto zako. Hapo juu yake napitisha injini ya zambarau ya kampuni ambayo haipo duniani na sijawahi kuulizwa kitu 😂

dada_semafo: Jamani John Allen, yule Mmarekani wa Gorre & Daphetid, reli yake ya modeli, alikuwa na dainosa anavuta mabehewa kwenye yadi ya kuyapangia! Na bado watu wanamtaja kwa uhalisia, maana kutu, vumbi na mbao zilizochakaa alizifanya kweli kweli.

ribiti_moja: Sawa ila msiwapoteze wageni. Ukichagua sehemu moja na mwaka mmoja unajua cha kununua na cha kuacha, bila hivyo unaishia na injini ya mvuke, treni ya umeme ya mwendokasi na kasri, havikai pamoja na hela imeisha.

behewa_fupi: @ribiti_moja hapo kwenye hela nakubali. Ila si we ndo uko skeli ya OO ya Uingereza? Treni 1:76 juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5 ambayo ni ya HO, ilitakiwa karibu 19.

ribiti_moja: Ukiangalia kwa ubavuni haionekani 😅