Tunachangisha kwa ajili ya vijiji vya Waquechua huko Peru, ila picha ya kwenye bango inaninyima usingizi. Naombeni ushauri

BintiMarangu

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni.

Mimi naishi Leeds huku Uingereza, kazi yangu kutunza wazee, na wikiendi niko kwenye kikundi cha kujitolea, tupo tisa na Mwafrika ni mimi peke yangu. Tunachangisha hela za majiko yasiyo na moshi kwa ajili ya vijiji vya Waquechua, wenyeji wa asili wa Peru, milimani juu ya mji wa Ollantaytambo mkoa wa Cusco. Mwenzetu mmoja alienda kule mwaka juzi akarudi anatuhadithia, watu wanaishi karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, miti haioti vizuri kwa hiyo wanapikia mavi makavu ya ng'ombe na ya llama, yule mnyama wao wa mizigo, nyumba ni chumba kimoja tu na hakina dirisha, moshi wote wanaumeza mama na watoto. Aliposema hivyo nikamkumbuka bibi yangu na macho yake mekundu miaka yote ile, nikasema mi nipo.

Mpaka sasa tuna pauni 2,300. Tumeuza keki kanisani, tumefanya matembezi ya hisani, na Jumamosi moja nilipika pilau na sambusa zikaisha kabla ya saa nane mchana. Mwezi wa saba wenzangu wanne wanaenda huko.

Sasa shida yangu. Wiki iliyopita wametengeneza bango jipya. Kuna picha ya mtoto wa kike kama miaka mitano hivi, mashavu yamepasuka kwa baridi, makamasi, miguuni ana viatu vya tairi kama katambuga zetu, na maandishi makubwa kwamba bila wewe huyu hana kesho. Nilipoliona nilinyamaza, nikasingizia nimechoka nikaenda nyumbani.

Nikiwa darasa la pili walikuja wageni shuleni kwetu na kamera. Mwalimu akatupanga mstari. Siku ile nilikuwa nimevaa sweta jipya mama alilonifumia, la bluu, na mgeni mmoja akaniambia nisogee pembeni nisiingie kwenye picha. Nilisimama pembeni nikiangalia wenzangu wanapigwa picha na nikafika nyumbani nikalivua lile sweta sikutaka kulivaa tena, mama akauliza limekubana? Sijawahi kumwambia mpaka leo.

Nimewaambia wenzangu kwa upole kwamba picha hii siipendi, wakasema bila picha kama hiyo watu hawatoi. Ni watu wazuri kabisa, wanatoa muda wao na hela zao. Nifanyeje? Na pia wengine wanataka tukusanye nguo za baridi tuwatumie kwa kontena, hilo mnalionaje?

Chuma_Mboga

Dada pole ila ukweli ni kwamba picha ndo inaleta hela. Mimi nimechangisha kwa ajili ya hospitali huku Dodoma, tulipoweka picha ya mgonjwa simu zililia mpaka usiku. Mtoto akipata jiko lisilo na moshi hatakumbuka picha. Fikiria matokeo.

KakaWaGranada

Chuma_Mboga nakuelewa, lakini yule wa sweta amekumbuka mpaka leo.

Mimi nilisoma Hispania na baadae nikajitolea miezi minane Cusco kwa sababu Kihispania ninacho, kwa hiyo niongee nilichokiona. Kwanza nguo, achaneni nazo. Peru imezuia uingizaji wa mitumba kibiashara, misaada inaruhusiwa lakini vibali vyake mtavifukuzia mpaka baridi iishe. Halafu hao mnaotaka kuwapelekea masweta ni wafumaji kuliko mtu yeyote hapo Leeds, wana alpaka, wanyama wa sufu, wanasokota nyuzi wakitembea njiani, rangi nyekundu wanaitoa kwenye wadudu wanaokaa kwenye mdungusi kakati, ule mmea wa miiba. Kuna nguo mama anajitanda begani inaitwa lliclla, kazi yake ni ile ile ya kanga kwetu, anabebea mtoto, anabebea viazi. Mmoja anaweza kuifuma wiki kadhaa, na tatizo lake ni kwamba mnunuzi anataka kumlipa kama kazi ya siku moja. Hapo Cusco kuna kituo cha nguo za asili kilianzishwa 1996 na Nilda Callañaupa, mfumaji wa Chinchero, kinafanya kazi na vijiji kumi na jina la mfumaji linaandikwa kwenye nguo. Mkinunua kwa njia kama hiyo mkauza hapo Leeds, mna hela ya mradi na mama wa kule ana hela yake mkononi. Na bango lako hilo hapo, piga picha ya nguo yenyewe uandike nani kaifuma na imemchukua siku ngapi.

Pili, na hili ndo nataka wenzako walisikie. Wale watu hawangoji mtu. Wana kitu kinaitwa ayni, leo mnakuja shambani kwangu kesho nakuja kwako, na minka, ile ya kijiji kizima kutoka kufanya kazi pamoja. Kuna daraja la Q'eswachaka juu ya mto Apurímac, urefu wake karibu mita 30, lote la kamba za nyasi. Kila mwaka mwezi wa sita vijiji vinne vinalivunja na kulisuka upya kwa siku chache, kila familia inaleta kamba yake. UNESCO waliuweka ujuzi huo wa kulisuka kwenye orodha yao ya urithi 2013. Mwaka 2020 corona ikawazuia kulisuka, 2021 likaanguka, na mwezi wa sita mwaka huo huo walikuwa wamelisuka tena. Mtu wa namna hiyo ukimwandikia kwamba bila wewe hana kesho umemtukana.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hata senti tano ulizeni mkutano wa kijiji. Kisheria kule kijiji ni comunidad campesina, ina mwenyekiti, katibu na mtunza hazina wanaochaguliwa, na wana kitabu cha mihtasari, kila uamuzi unaandikwa na watu wanasaini. Ombeni muhtasari unaosema mradi gani, nani atatoa nguvu kazi, nani atatunza. Na hakikisheni wanawake wameongea, kwa Kiquechua, sio Kihispania. Mkutanoni wanaume wengi wanajua Kihispania maana wanatoka kwenda vibarua, mama wa makamo anakaa kimya mnadhani amekubali kumbe hajaelewa.

Halafu msishangae mkiulizwa maswali mengi. Vita ya huko ya waasi na serikali, 1980 hadi 2000, iliua watu karibu 70,000 kwa hesabu ya tume ya ukweli na maridhiano ya 2003, na katika kila wanne waliokufa watatu lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiquechua au lugha nyingine ya wenyeji. Na miaka ya 1996 mpaka 2000 serikali ilifunga kizazi wanawake zaidi ya 250,000, wengi wa vijijini, maelfu wakaja kueleza kwamba hawakuridhia au hawakuambiwa wanafanyiwa nini. Sasa akija mgeni na fomu na kalamu, mama wa miaka hamsini ana haki ya kuuliza hii karatasi inasemaje.

Mgumu_Mstaafu

Binti wa Marangu, marahaba. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka 14, njia ya Machame na ya Marangu hapo kwenu.

Sitaongea mengi. Wageni wengi niliowapandisha walikuwa wanapanda kwa ajili ya hisani, wana fulana zimeandikwa jina la shirika. Nilikuwa nawauliza, ile hela watu waliyokuchangia, imelipa tiketi yako au imeenda kwa watoto? Wengine walikuwa wakweli wakasema nusu kwa nusu. Sasa hao wenzako wanne wanaoenda mwezi wa saba, naomba ujue wanajilipia wenyewe. Kama tiketi inatoka kwenye pauni zile 2,300 basi pilau lako limepanda ndege.

Na wakitembea ile njia ya kwenda magofu ya Machu Picchu wanaobeba mizigo yao ni Waquechua wa vijiji hivyo hivyo mnavyovichangia. Peru walitunga sheria ya wapagazi 2001, mwisho ilikuwa kilo 20, sawa na kwetu. Kwetu mizani ipo getini ila ukishapita geti ni wewe na Mungu wako. Waambie waulize wapagazi wanalipwa shilingi ngapi na wanalala wapi. Baba akilipwa vizuri kwa siku nne za njia, jiko atajenga.

Hiyo minka anayosema kijana wa Granada ndio sisi kusafisha mifongo, ile mifereji ya maji ya Wachaga. Mzee akipuliza pembe kila nyumba inatoa mtu.

Wanjiku_Nyeri

Sasa dada. Sisi tulilelewa na harambee na nimeona mazuri yake na mabaya yake, kwa hivyo nitakuambia vile mimi hufanya. Kila pesa inayoingia iandikwe mahali watu wote wanaweza kuiona, jina la mtoaji akitaka, na kila pesa inayotoka na risiti yake, hata kama ni ya misumari. Watu huku hawakataagi kutoa kwa sababu hakukuwa na picha ya mtoto analia, wanakataa kwa sababu ile ya mwaka jana hawakujua ilienda wapi. Wewe watumie wale walionunua sambusa zako ujumbe kila mwezi, tumefika hapa, tumebakisha hii. Watarudi.

Dida_Leicester

Nyongeza ndogo kutoka kwa mhasibu. Kikundi chenu kama hakijasajiliwa, tafuteni shirika la hisani lililosajiliwa tayari hapa Uingereza linalofanya kazi Cusco mpitishie hela kwao, maana mtoaji anayelipa kodi hapa akijaza fomu ya Gift Aid serikali inaongeza peni 25 kwa kila pauni. Na mkizidi pauni 5,000 kwa mwaka wenyewe, Charity Commission, wasimamizi wa mashirika ya hisani, itawahusu. Makopo ya kuchangishia barabarani yanataka kibali cha halmashauri, msijisahau.

BintiMarangu

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili, Mzee Mgumu nimekusikia. Nimeuliza habari ya tiketi, watatu wanajilipia, wa nne alikuwa anategemea mfuko na amesema atatafuta mwenyewe au ataacha kwenda, hatukugombana.

Jana kwenye kikao niliwaeleza habari ya sweta. Sikuwa nimepanga, ilitoka tu. Yule aliyetengeneza bango alilia, akasema hakufikiria kama yule mtoto ana mama ambaye siku moja ataliona. Tumelitoa. Nguo pia tumeacha.

Halafu kuna dada mmoja wa Ollantaytambo, Kiquechua ni lugha yake, nilimwandikia WhatsApp nikamwomba atuulizie kule juu, akapanda na gari la abiria Jumapili akakaa na akina mama. Leo asubuhi ametuma sauti ya mama mmoja anaongea, sikuelewa neno ila nilisikiliza mpaka mwisho, nyuma kuna kuku na mtoto anacheka. Dada akanitafsiria. Mama anasema majiko wanajua kuyajenga wenyewe, udongo wanao, mawe wanayo, na nyasi za kuchanganya wanazo. Wanachokosa ni bomba la bati la kutolea moshi juu ya paa na vyuma vya kuwekea sufuria, na mwenye duka la mjini anawauzia bei ya watalii. Nyumba ni 31. Ameuliza kama tunaweza kununua mabomba yote kwa pamoja Cusco yaje na gari moja, wao watashuka barabarani kuyapokea, ila isiwe wiki za kuvuna viazi.

KakaWaGranada kama bado una watu Cusco naomba unitafutie bei ya bomba la inchi nne, mita mbili na nusu, mara 31.