Nipangeje vitabu vya maarifa kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu?

Ticha_Makorora: Salaam wadau. Nafundisha shule ya msingi hapa Tanga mjini, na mwaka huu nimekabidhiwa maktaba: rafu nne, vitabu 300 na ushei. Hadithi hazinisumbui. Vinavyonitoa jasho ni vya maarifa: wanyama, sayari, kilimo, michezo.

Nilivipanga kwa Dewey, ule mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876 unaoipa kila mada namba yake, namba nikazibandika migongoni. Balaa ni nukta. Mtoto wa darasa la pili anaona 599.53 ya pomboo na 599.7 ya simba na jamaa zake, anasema 53 ni kubwa kuliko 7, pomboo anatupwa nyuma ya simba. Jana binti mmoja kamsaka nyangumi kwenye rafu ya samaki mpaka kengele ikalia. Niufute mfumo wote?

BintiPangani: Usifute, mwalimu. Kata nukta tu. Vitabu 300 tarakimu tatu zinatosha: 597 samaki, 598 ndege, 599 mamalia, 636 mifugo. Kisha kila mia (za 500, za 600 na kuendelea) ipe rangi yake. Tumia tepu ya fundi umeme. Sisi tulianza na karatasi na gundi, kwa unyevu huu wa pwani hazikumaliza wiki mbili.

Mzee_wa_Ngamiani: Namba za nini kwa mtoto wa miaka saba? Chora picha, weka makasha. Paka yuko 636, simba 599. Hebu mweleze mtoto hilo akuelewe!

BintiPangani: Hahaa, hapo umenipata babu. Lakini mtoto huyo kesho akiingia maktaba ya mkoa atakutana na namba. Picha ziwepo, na namba zibaki.

Mama_Chumbageni: Habari ya nyangumi: chukua kipande cha boksi, mchore, weka mshale wa kwenda 599, kisha kichomeke katikati ya samaki. Silikanti, yule samaki wa kale anayenaswa huku kwetu, mwache 597, yule samaki kweli, na watoto wetu wa Tanga lazima watamuulizia. Halafu wasirudishe vitabu rafuni wenyewe! Weka beseni mlangoni, watumbukize humo, upange wewe wakishatoka.

Ticha_Makorora: Beseni! Miezi mitatu nagombana na watoto bure. Tepu naifuata jioni. Mzee, nyangumi utanichorea?

Mzee_wa_Ngamiani: Lete boksi.