Tupeane uzoefu: Mtungi wa propani wa kupasha joto kebini unakaa wapi kwenye boti yako ya tanga?

Mkunja Tanga
Wakuu, habari za majiko ya botini tumeshazizungumza sana. Leo nataka za hita. Jiko huwashwa kwa muda mfupi na mpishi amesimama hapo hapo. Hita inawaka saa nyingi, madirisha yamefungwa, watu wamejifunika wanakoroma. Kwa hiyo gesi inakokaa na inakopita ni jambo zito zaidi kwetu.

Propani ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu hivi. Ikivuja kwenye nyumba huenda ikapata upenyo chini ya mlango ikatoka. Boti haina mlango wa chini. Gesi inateremka hadi ngama, yaani uvungu wa chini kabisa ndani ya boti, na kutulia humo, na ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa, cheche moja inatosha.

Mimi mtungi uko nje kabisa, kwenye kisanduku karibu na shetri (nyuma ya boti). Kinafunguka kwa juu tu, kifuniko kina mpira wa kuzibia, na sakafuni mwake kuna bomba la kuteremshia gesi nje. Wenye boti mseme mmefanyaje.

Baba Usukani
Kisanduku ni nusu ya kazi mkuu, nusu nyingine ni hilo bomba. Boti niliyonunua ilikuwa na kisanduku kizuri, lakini bomba lake lilikuwa limelegea katikati likafanya tumbo. Maji yakatuama kwenye lile tumbo, na maji yakituama gesi haipiti. Yaani una tundu la kutolea gesi lililozibwa na huna habari, maana ukichungulia kwa juu unaona kila kitu kiko sawa.

Sasa kila msimu namwaga ndoo ya maji ndani ya kisanduku. Nataka yatoke yote nje upesi, na nataka ngama ibaki kavu. Maji yakionekana ndani ya boti, hata kidogo, basi gesi nayo ina njia ya kuingia.

Kanuni za ABYC, baraza la viwango vya boti la Marekani, zinataka bomba hilo lisipungue nusu inchi kwa ndani, na mdomo wake uwe angalau inchi 20 (kama sentimita 51) kutoka tundu lolote linaloingia ndani ya boti. Mimi nimeweka bomba nene kuliko hilo, kwa sababu majani na uchafu haviangalii kanuni. Angalieni pia boti ikilala upande: mdomo ukizama, hauna kazi.

Mgeni wa Maji
Samahani wakuu, mtungi ukilazwa kuna ubaya gani? Kisanduku changu ni kifupi.

Baba Usukani
Ubaya mkubwa, ndugu. Ukiusimamisha, juu kunakuwa na mvuke, na mvuke ndio unaotakiwa kwenye regulata (kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi). Ukiulaza, kimiminika kinaingia kwenye njia ya gesi, na lita moja yake inapanuka kuwa karibu lita 270 za gesi. Vali ya usalama nayo imekusudiwa kutoa mvuke. Tafuta mtungi mfupi uliotengenezwa kusimama humo, kisha uufunge kwa mkanda usicheze kwenye mawimbi.

Mama Nanga
Mimi nitasema geji ya mgandamizo wa gesi. Iwekwe kati ya mtungi na regulata. Hita na jiko vikiwa vimezimwa, fungua vali ya mtungi mpaka njia ijae, ifunge, tazama mshale. Usubiri dakika 3 angalau. Mimi naiacha hadi chai ichemke kwa jirani. Mshale ukishuka kuna mvujo, unautafuta kwa povu la sabuni. Msitumie sabuni yenye amonia, inapasua viungo vya shaba nyeupe (brasi). Na geji haikwambii gesi imebaki kiasi gani; kwa hilo pima uzito wa mtungi.

Kingine: mpira wa gesi unaotoka kisandukuni uende mpaka kwenye hita bila kiungo katikati. Kila kiungo kilichofichwa nyuma ya mbao ni mvujo unaosubiri siku yake.

Pepo za Kusi
Mimi pua yangu inatosha. Gesi inanuka.

Mama Nanga
Inanuka ukiwa macho. Ukikaa nayo pua inazoea, ukilala ndiyo kabisa. King'ora cha propani kifungwe chini, karibu na ngama, ila maji yasikifikie. Cha kaboni monoksidi, ile sumu ya moshi isiyonuka, ni kingine, kiwe karibu na vitanda. Kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake.

Kijana wa Omo
Nyongeza kuhusu baridi. Butani, gesi nyingine ya mitungi, inakaribia kuacha kutoa mvuke nyuzi sifuri, propani inaendelea mpaka 42 chini ya sifuri. Jirani yangu gatini alikuwa na butani, hita ikazimika usiku, akaingiza mtungi ndani "upate joto kidogo". Tulimtoa yeye na mtungi wake. Dawa ni kubadili gesi, mtungi ubaki nje. Na vile vikopo vidogo vya akiba mnavyoficha chini ya vitanda ni gesi ile ile, viende kisandukuni.

Halafu chagueni hita yenye bomba la kuvuta hewa kutoka nje na la kutolea moshi nje. Kilo moja ya propani ikiungua inazaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Hita isiyo na bomba inayaacha yote kwenye godoro lako.

Mgeni wa Maji
Na ukisikia harufu ngama?

Baba Usukani
Usiguse swichi yoyote, hata ya pampu ya ngama, hata ya kuzima taa. Watu wote juu sitahani, fungua milango yote, funga mtungi. Upepo ufanye kazi yake. Wazee hufua hewa kwa ndoo kama wanavyofua maji, na wana haki: gesi inatekeka.

Mkunja Tanga
Nimetoka kumwaga ndoo. Maji yametoka polepole mno: kamba niliyoitupia humo imekalia tundu. Inahama leo, na fenda (yale maboya ya kukinga ubavu wa boti) zinaifuata.