Tupeane uzoefu: Viza ya Schengen na hesabu ya siku

Wakuu habari za jioni. Nafungua huu uzi mana dada yangu karudi toka Ujerumani juzi na presha juu, kisa siku. Stika yake ya viza ya Schengen (viza moja inayokuingiza kwenye kundi la nchi za Ulaya) ilisema kuanzia tarehe 3 mwezi wa 6 mpaka tarehe 17 mwezi wa 7, akajua siku zote 45 ni zake. Kumbe pembeni kuna kasehemu ka muda wa kukaa, pameandikwa 30 tu. Aliyekuja kuona ni mtoto wa mwenyeji wake, siku ya 27 hiyo, usiku uleule wakahangaika kubadili tiketi na akalipia tofauti. Zile tarehe zinakuonyesha lini unaruhusiwa kuingia na kutoka, ila siku zako ni hiyo namba, na siku ya kutua inahesabiwa, ya kuondoka pia. Waliopitia haya karibuni tusaidiane.

Niko Mombasa. Mimi nilikuwa na viza ya kuingia mara nyingi, nikakaa siku 80 Italia kwa binti yangu aliyejifungua, nikarudi nyumbani wiki tatu nikataka kwenda tena nikidhani ukishatoka hesabu inaanza upya. Haianzi jamani. Kila siku unayokuwa kule wanarudi nyuma siku 180 wanaangalia kama umezidisha 90, kwa hiyo nilikuwa na siku 10 tu mkononi. Na usidhani utakimbilia Hispania, nchi zote 29 za Schengen zinahesabiwa pamoja. Uingereza na Ireland ndo ziko kivyake.

Mkuu mimi nilinyimwa kabisa 2024. Nilikopa kwa jamaa nikaingiza milioni 8 kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba, nikaona nimejipanga. Nikarudishiwa pasipoti na karatasi yenye sababu zimewekewa alama ya vema, na ile euro 90 ya kuombea viza hairudi ukinyimwa. Iliniuma sana, ni hela ya kodi ya nyumba ile. Mara ya pili nikapeleka taarifa ya benki ya miezi 6 kama ilivyo, slipu za mshahara, barua ya likizo ya kazini na bima ya safari inayolipia matibabu ya euro 30,000, nikapata. Hela ndogo inayoeleweka imetoka wapi ni bora kuliko kubwa iliyotua ghafla.

Nyongeza kidogo, toka Oktoba 2025 wameanza kuondoa mihuri mpakani, mfumo wa kompyuta ndo unarekodi umeingia lini na umetoka lini. Mimi nilipigwa picha ya uso pale dirishani, dakika mbili. Ukizidisha hata siku moja inaonekana, kwa hiyo yale mambo ya kusema muhuri haukusomeka yamekwisha.

Mimi nimalizie la mama yangu. Alienda kututembelea Ubelgiji akalazwa, siku zimebaki 4, daktari akasema asipande ndege. Tulienda ofisi ya manispaa viza ikiwa bado hai na barua ya daktari, akaongezewa muda bila kulipa maana sababu ni ugonjwa. Ndugu zangu mkipatwa na dharura nendeni kabla siku hazijaisha, msikae ndani mkiogopa, na nakala ya kila karatasi mbaki nayo.