Fundi kuikaza prosesa ya mteja bila kumwambia: ni haki?

Mwenye mada, Mbeya

Wakuu, habari za kazi. Naleta jambo hili la kukaza, yaani kuovakloki: kuipandisha prosesa (ubongo wa kompyuta) kasi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Wiki iliyopita limeninyima usingizi, na naona mafundi wa huku tumelizoea mno.

Kijana wa Kyela anayehariri video za harusi aliniletea kompyuta kibandani kwangu Mwanjelwa. Aliinunua hapahapa mjini mwezi wa saba kwa fundi mwingine, akahakikishiwa kwamba "hii ni moto". Mwanzoni ilikwenda vizuri. Joto lilipoingia, kila video ikikaribia kumaliza kurenda (kutengenezwa kuwa faili kamili), mashine inajizima. Harusi imepita wiki tatu, wazazi wanapiga simu, video hakuna.

Kuingia kwenye bayosi (mipangilio ya msingi ya mashine), nakuta prosesa ni Core i5-2500K, ambayo kiwandani imepangiwa 3.3 GHz, imepandishwa hadi 4.5 GHz kwa volti 1.40. Juu yake feni ni ileile ndogo iliyokuja na prosesa. Pesti ya kupozea imekauka, inabanduka kwa kucha kama ukoko. Mwenye mashine hakuwa na habari. Akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo nilichonunua ndicho au sicho?" Nilikosa jibu la haraka.

Msimamo wangu: kuovakloki si kosa, hata mimi nafanya. Ninachopinga ni kumfanyia mtu bila yeye kujua.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, kasi ya prosesa kama hiyo ni mapigo ya msingi ya 100 MHz mara kizidisho, namba inayopangwa kwenye bayosi. Kizidisho 33 kinakupa 3.3 GHz, ukiweka 45 unapata 4.5. Kazi iko kwenye volti. Umeme unaoliwa hupanda sawia na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Tuseme prosesa ilikuwa inatumia volti 1.20, ukiipeleka 1.40 kwa 4.5 GHz, joto inalozalisha linazidi la mwanzo kwa zaidi ya asilimia 80. Feni ile ndogo itaanzia wapi? Tena volti zikizidi huila prosesa polepole ndani kwa ndani, hata kama joto umelidhibiti.

Wenzangu hujitetea kwamba Mbeya ni friji. Ni kweli, Juni na Julai hapa vidole vinakufa ganzi ukishika bisibisi. Lakini joto la prosesa linafuata joto la chumba: chumba kikipanda nyuzi 15, nayo inapanda karibu 15. Sisi tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela iko chini kabisa pembeni mwa Ziwa Nyasa, karibu mita 500 tu. Mashine iliyopimwa kwetu Julai ikagota nyuzi 82, kule Novemba inakaribia 97, na hapo prosesa inaanza kujipunguza kasi yenyewe, ikizidiwa inazima. Halafu hewa yetu ya milimani ni nyepesi, pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni ileile inaondoa joto pungufu. Baridi inatupa kwa mkono huu, mwinuko unatunyang'anya kwa ule.

Mchangiaji, Iringa

Mkuu, unatuharibia soko. Mteja hataki somo la volti, anataka kazi iishe. Ukianza kumweleza anahamia duka la pili. Mashine mpya hana uwezo nayo, sisi ndio tunaomsitiri. Mimi nimezikaza nyingi na sijarudishiwa hata moja.

Mwenye mada, Mbeya

Ndugu yangu, hilo la bei nalikubali kwa moyo wote, wateja wetu ni walewale. Ila kutorudishiwa si ushahidi. Yule wa Kyela naye hakumrudia aliyemuuzia, nauli ilimshinda akasubiri hadi alipopata safari, akaja kwangu. Pia mashine nyingi za mtumba tunazouza ni za ofisini, prosesa zake za Intel hazina ile herufi K mwishoni mwa jina, maana yake kizidisho kimefungwa. Ukawiaji wa mashine anaolalamikia mteja mara nyingi ni hadidiski ya zamani. Mwekee SSD (diski ya kisasa yenye kasi), ongeza ramu, futa vumbi, atakushukuru.

Ya kijana nimeirudisha 4.0 GHz, volti 1.22, pesti mpya na feni kubwa ya mnara. Nimeibana kwa Prime95, programu ya kuipa prosesa mzigo mzito, kwa muda wa saa tatu, mchana wa jua kali, kwenye kibanda changu cha bati na mlango nimefunga. Haikuvuka nyuzi 74. Jana video ya harusi imetoka. Ndaga (asante)!

Mchangiaji, Njombe

Mimi ni mwalimu. Shuleni tumepata kompyuta 20 za msaada, na kuna fundi anataka azikaze zote kabla hatujafungua maabara. Tumkubalie?

Mwenye mada, Mbeya

Mwalimu, hapana. Prosesa iliyokazwa kupita kiasi si lazima izime; inaweza kukosea hesabu kimyakimya na faili la matokeo ya wanafunzi likaharibika bila mtu kujua. Na pawasaplai (vifaa vya kugawa umeme) za mashine za ofisini ni ndogo, hazikupangiwa mzigo huo. Fundi akisisitiza, mwombe akuandikie.

Mimi nimeanza hivyo. Kwa kila mashine ninayoikaza nabandika karatasi ndani ya kava: kasi ya kiwandani, kasi mpya, volti, joto la prosesa, joto la chumba siku ya kupima, na jinsi ya kurudisha ya kiwandani kwa kuchomoa ile betri ya duara kwenye mazabodi. Chini, sahihi yangu na ya mteja. Inanichukua dakika tano.

Wewe wa Iringa, karatasi hiyo ungeikataa kwa sababu gani?